Ujauzito, Uzazi na Kunyonyesha Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wajawazito, kina mama waliorejea kazini, kina baba, na wasimamizi ambao wangependa kutenda haki lakini hawajui waanzie wapi. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizompata kila mtu. Pale ambapo jibu limeshatolewa katika swali jingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Msaada wa uzazi kazini unamhusu nani hasa?

Unamhusu mjamzito, mama aliyejifungua, mama anayenyonyesha, baba wa mtoto, na mzazi aliyeasili mtoto. Wengi hudhani kwamba jambo lote ni likizo ya uzazi, ilhali likizo ni wiki chache tu ndani ya kipindi ambacho, ukihesabu tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapoacha kunyonya akiwa na miaka miwili, hukaribia miaka mitatu. Maeneo mengi ya kazi huishughulikia likizo vizuri, kisha yaliyo kabla na baada yake yakaachwa kwenye huruma ya msimamizi aliyepo siku hiyo. Huruma hubadilika msimamizi anapohamishwa. Ndiyo maana majibu mengi hapa yatakurudisha kwenye shauri moja: mambo yaandikwe.

2. Ni sheria gani inayonilinda?

Kwanza kabisa ni sheria ya kazi ya nchi unakofanyia kazi, kisha mkataba wa hali bora kama mna chama cha wafanyakazi, kisha mkataba wako wa ajira na kanuni za utumishi za mahali pako. Kwa kawaida mwajiri anaruhusiwa kutoa zaidi ya kile kinachotajwa na sheria, lakini haruhusiwi kupunguza.

Kipimo cha kimataifa ni Mkataba wa Ulinzi wa Uzazi Namba 183, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2000 pamoja na Pendekezo Namba 191. Mkataba huo huifunga nchi iliyouridhia tu, lakini hata pale ambapo haujaridhiwa unafaa kutumiwa kama kioo cha kujitazamia. Wanaoona kwamba haya ni mambo ya kisasa wakumbuke kwamba shirika hilo lilipitisha mkataba wa kwanza kuhusu uzazi mwaka 1919, mwaka ule ule lilipoanzishwa, na tayari mkataba huo ulimpa mama anayenyonyesha nusu saa mara mbili kwa siku ndani ya saa za kazi.

3. Nimwarifu mwajiri lini kwamba nina mimba?

Sheria nyingi huweka muda wa mwisho wa kutoa taarifa ya likizo, hivyo utazame huo kwanza. Nje ya hapo, wakati ni wako kuuchagua, isipokuwa katika hali moja: ikiwa kazi yako inakukutanisha na kemikali, mionzi, mizigo mizito au maambukizi, usingoje mimba ionekane, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo, viungo vya mtoto vinapojengeka, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi (tazama swali la 6).

Taarifa itolewe kwa maandishi, hata kama umeshazungumza na msimamizi ana kwa ana. Inatosha kueleza kwamba u mjamzito, tarehe unayotarajia kujifungua, na tarehe unayokusudia kuanza likizo, ukiambatisha cheti cha daktari au mkunga. Bakiza nakala. Msimamizi aliyepewa habari hiyo hana ruhusa ya kuitangaza kwa wenzako, hata kama nia yake ni kukupongeza.

4. Je, mwajiri anaweza kuniuliza katika usaili kama nina mimba, au kunitaka nipime?

Mkataba Namba 183 unakataza kumtaka mwombaji kazi apime mimba au alete cheti cha kipimo hicho, isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi imezuia au imewekea masharti kazi yenyewe kwa wajawazito au wanaonyonyesha, au kazi hiyo ina hatari inayotambulika kwa afya ya mama au mtoto. Swali la kama unapanga kuzaa halina uhusiano na uwezo wako wa kazi, na unaweza kulijibu kwa kuurudisha mjadala kwenye kazi inayoombwa.

## Wakati wa ujauzito

5. Nina haki ya kwenda kliniki ndani ya saa za kazi?

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito aonane na watoa huduma mara zisizopungua nane, na kliniki nyingi hufanya kazi saa zile zile za ofisi, kwa hiyo kusema "nenda baada ya kazi" ni sawa na kusema usiende. Pendekezo Namba 191 linataka mjamzito apewe ruhusa hiyo baada ya kumwarifu mwajiri. Kwa upande wako, toa tarehe mapema, na leta kadi ukiombwa. Mwajiri anaweza kuona tarehe ya miadi, lakini matokeo ya vipimo si yake.

6. Ni kazi gani zenye hatari kwa mjamzito, na mwajiri afanye nini?

Hatari zinazotajwa mara nyingi ni kuinua, kusukuma au kuvuta mizigo; kusimama au kuketi kwa muda mrefu bila kubadilisha mkao; kazi zinazohitaji kujimudu juu ya ngazi au jukwaa; joto kali, baridi kali na mtikisiko wa mashine; dawa za kuulia wadudu na viyeyusho vya rangi; mionzi; na maambukizi, hasa kwa wahudumu wa afya na walezi wa watoto wadogo.

Madini ya risasi yanastahili kutajwa peke yake. Mwili huyahifadhi ndani ya mifupa kwa miaka, na wakati wa ujauzito na wa kunyonyesha, mifupa inapotoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka na kuingia kwenye damu. Kumhamisha mwanamke baada ya mimba kugunduliwa, huku karakana ikiachwa na vumbi lile lile, ni kumkinga nusu; karakana yenyewe ndiyo inayotakiwa kusafishwa, na wanaume watafaidika pia. Kuhusu mionzi, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inapendekeza kwamba tangu mjamzito anapotoa taarifa, mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiviati 1 (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) kwa muda wote uliobaki.

Hatua za mwajiri zina mpangilio wake. Anaanza kwa kuondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, anabadilisha namna kazi inavyofanywa, kama vile kuweka kiti kwenye kaunta au kupunguza uzito wa mzigo. Ikishindikana tena, anamhamishia mfanyakazi kazi nyingine bila kumpunguzia mshahara. Na hilo lisipowezekana, anampa likizo yenye malipo. Wasimamizi wengi hurukia hatua ya mwisho, wakamtuma mfanyakazi nyumbani bila ujira "kwa usalama wake", ambayo ni adhabu iliyovishwa joho la hisani.

7. Miezi ya mwanzo natapika na kuchoka, na sijataka watu wajue. Niombe nini?

Unaweza kuomba nafuu ya kiafya bila kutaja sababu: kuanza kazi saa moja baadaye kwa wiki kadhaa, kukaa karibu na choo, au kufanyia kazi nyumbani siku fulani pale kazi inaporuhusu. Cheti cha daktari kinaweza kueleza nafuu inayohitajika pasipo kuandika neno mimba. Ukitapika kiasi cha kutoweza kuhifadhi maji tumboni, hilo si la kuvumilia kazini, ni la hospitali.

8. Daktari ameniambia nipumzike kabla ya likizo kuanza. Siku hizo zitakatwa kwenye likizo ya uzazi?

Mkataba Namba 183 unatenganisha mambo haya mawili: kwa maradhi au matatizo yanayotokana na ujauzito au kujifungua, likizo ya nyongeza hutolewa kwa cheti cha daktari, kabla au baada ya likizo ya uzazi. Sheria nyingi huzihesabu siku hizo kama likizo ya ugonjwa. Hakikisha cheti kinaonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza, maana ugomvi mwingi wa hesabu huanzia kwenye cheti kisicho na tarehe.

## Likizo

9. Likizo ya uzazi ni ya muda gani, na nani hulipa?

Mkataba Namba 183 unaweka wiki zisizopungua 14, zikiwamo wiki 6 za lazima baada ya kujifungua, na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mapato ya awali pale yanapokokotolewa kwa kufuata mapato. Pendekezo Namba 191 linashauri nchi zifikishe walau wiki 18, na ziongeze muda kwa anayejifungua mapacha. Ukijifungua baada ya tarehe iliyotarajiwa, siku zilizozidi huongezwa kwenye sehemu ya kabla ya kujifungua, na zile za lazima za baadaye hazipunguzwi.

Kuhusu nani alipe, mkataba unataka malipo yatoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma, na mwajiri mmoja mmoja asibebeshwe gharama yote. Sababu yake ni ya kibiashara tupu: pale mwajiri anapolipa kila kitu kutoka mfukoni mwake, kila mwanamke kijana anayekuja kwenye usaili huonekana kwake kama bili.

10. Ninakabidhije kazi, na je, ofisi inaweza kunipigia nikiwa likizo?

Anza kuandaa makabidhiano mwezi mmoja au miwili kabla, kwa sababu watoto hawasomi kalenda. Andika kazi zinazoendelea, nani anazijua, nyaraka ziko wapi, na maamuzi gani yanasubiri.

Mkubaliane kabla hujaondoka kuhusu mawasiliano. Wapo wanaotaka kupata habari za ofisi, hasa nafasi za kazi zinazotangazwa na mabadiliko ya muundo, na wapo wasiotaka kusikia lolote. Yote mawili ni sawa. Kupigiwa simu kuulizwa faili liko wapi kunaweza kuvumilika mara moja. Kutumwa kuandika ripoti huko ni kazi, na aliye likizo hafanyi kazi.

11. Baba ana haki gani?

Nchi nyingi humpa baba likizo fupi, ya siku chache au wiki chache, na nyingine huongeza likizo ya malezi ambayo wazazi hugawana. Inapowezekana ichukuliwe siku ambazo mama anahitaji mkono wa pili zaidi: wiki ya kwanza, au mama anapotoka hospitali baada ya upasuaji, au wiki mama anaporudi kazini. Hii ya mwisho haizingatiwi sana, ingawa ndiyo wiki ambayo mtoto anajifunza kulishwa na mtu mwingine.

Pendekezo Namba 191 linakwenda mbali zaidi: mama akifariki kabla likizo yake haijaisha, baba aliyeajiriwa apewe likizo sawa na muda uliobaki, na vivyo hivyo mama akiugua au kulazwa asiweze kumtunza mtoto. Likizo kwa mzazi aliyeasili imetajwa humo pia, pale sheria ya nchi inaporuhusu kuasili.

12. Naweza kufukuzwa, au nikirudi nikute nafasi yangu imechukuliwa?

Kumwachisha kazi mfanyakazi kwa sababu ya mimba, kujifungua au kunyonyesha ni kosa chini ya Mkataba Namba 183, na mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa nyingine. Mama ana haki ya kurudi kwenye nafasi ile ile, au inayolingana nayo na yenye mshahara ule ule. Kulingana kunapimwa kwa majukumu na matarajio ya kupanda cheo pia. Meneja aliyerudi akapewa dawati na mshahara wake lakini akanyang'anywa timu hajarudishwa alipokuwa.

## Kurudi kazini na kunyonyesha

13. Kwa nini nisisubiri hadi nifike nyumbani ndipo ninyonyeshe?

Kwa sababu matiti hayana subira hiyo. Maziwa hutengenezwa kulingana na yanavyotolewa: yakitoka, mwili huelewa kwamba yanahitajika na hutengeneza mengine; yakikaa, mwili huelewa kinyume chake na kupunguza. Mama anayekaa saa tisa bila kunyonyesha wala kukamua hupata maumivu ya matiti kujaa siku za mwanzo, anaweza kuziba mirija na kupata uvimbe wenye homa, na baada ya majuma machache maziwa yenyewe hupungua. Ndipo husemwa kwamba "maziwa yake yalikauka", kana kwamba ni majaliwa, wakati kilichokauka ni muda.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 na zaidi. Likizo ya wiki 14 humalizika mtoto akiwa hajafikisha miezi minne.

14. Nikamue mara ngapi kwa siku, na kila mara huchukua muda gani?

Kanuni rahisi ni kukamua mara zile zile ambazo mtoto angenyonya, yaani takriban kila baada ya saa tatu kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hiyo ni mara mbili au tatu. Kukamua kwenyewe huchukua dakika 15 hadi 20, lakini kuna kutembea hadi chumbani, kunawa, kuunganisha vifaa, kuhifadhi maziwa na kuosha, hivyo panga nusu saa. Mtoto anapoanza kula vyakula vingine mahitaji hupungua, na mara nyingi akishatimiza mwaka mmoja mama huweza kukaa siku nzima ya kazi akikamua mara moja au asikamue kabisa.

Si lazima uwe na mashine. Kukamua kwa mkono hakuhitaji umeme wala pesa, na akishazoea mama hupata maziwa mengi vile vile. Muombe mkunga akuonyeshe kabla hujatoka hospitali.

15. Je, mapumziko ya kunyonyesha yanalipwa?

Chini ya Mkataba Namba 183, ndiyo: mama ana haki ya mapumziko ya mara moja au zaidi kwa siku, au kupunguziwa saa za kazi, na muda huo huhesabiwa kuwa muda wa kazi na kulipwa. Idadi na urefu wake huachiwa sheria ya nchi. Pendekezo Namba 191 linaruhusu mapumziko hayo yaunganishwe ili mama achelewe kuingia au awahi kutoka. Jambo hilo humfaa anayeishi karibu na kazi, lakini asiyekamua kabisa katikati ya siku atakutana na tatizo lililoelezwa katika swali la 13, kwa hiyo usilazimishwe kuunganisha yote.

16. Chumba cha kunyonyeshea kinapaswa kuwa na nini?

Kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, kiti chenye mgongo, meza ndogo, soketi ya umeme, mwanga, hewa, na maji ya kunawa ndani au karibu. Friji ikiwemo ni vizuri zaidi. Si lazima kiwe kikubwa, nafasi ya kiti na meza inatosha. Kiwe karibu na watu wanapofanyia kazi, kwa sababu chumba kizuri kilicho ghorofa ya saba hakimfai mhudumu wa kaunta ya chini mwenye dakika 30.

Kufuli mlangoni si anasa. Maziwa hushuka kwa msukumo wa homoni ya oksitosini, na hofu au aibu huuzuia msukumo huo. Mama anayetazama kitasa cha mlango kila sekunde anaweza kukaa nusu saa akapata matone.

Choo si chumba cha kukamulia maziwa, hata kikiwa kisafi namna gani. Haya ni maandalizi ya chakula cha mtoto mchanga, na anayesema kwamba choo kinatosha aulizwe kama yeye hula chakula chake cha mchana humo.

17. Ofisi yetu ni ndogo na haina chumba cha ziada. Tufanyeje?

Chumba si lazima kiwe cha kazi hiyo peke yake. Chumba cha mikutano, ofisi ya msimamizi au stoo iliyosafishwa inaweza kutumika kwa ratiba, ilimradi saa za mama ziandikwe kwenye kalenda na zisifutwe mkutano wa dharura unapojitokeza. Kamera za ulinzi zilizomo ziondolewe au zifunikwe, na mwenye kukitumia aonyeshwe kwamba zimefunikwa. Pazia zito au kizuizi cha kukunja kinaweza kusaidia kwenye eneo la wazi, kama vile ghala au shamba. Waajiri wadogo waliopanga jengo moja wanaweza pia kuchangia chumba kimoja.

18. Maziwa niliyokamua hukaa kwa muda gani?

Kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati, maziwa mabichi hukaa hadi saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25 za Selsiasi. Kwenye joto zaidi ya hapo, yawekwe penye baridi mara moja. Kwenye friji ya nyuzi 4 hukaa hadi siku 4. Kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki na ubora kwa takriban miezi 6, na yanakubalika hadi 12. Kwenye kibegi cha kutunza ubaridi chenye vipande vya barafu hukaa hadi saa 24, kwa hiyo ukosefu wa friji kazini hauzuii mtu kukamua.

Andika tarehe na saa kwenye kila chombo, na utumie ya zamani kwanza. Yaliyoyeyushwa kutoka kwenye friza yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji, wala yasigandishwe tena. Yapashe moto kwa kuweka chombo ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Usitumie maikrowevu, kwani hupasha pengine sana na pengine kidogo, na mtoto huungua mdomo. Mtoto akibakiza, mabaki yatumike ndani ya saa 2 au yamwagwe. Kutengana kwa krimu na maji juu ya chupa ni kawaida, tikisa taratibu.

19. Wenzangu hawataki maziwa yangu yakae kwenye friji ya wote.

Maziwa ya mama ni chakula, na huhifadhiwa kama chakula kingine chochote. Friji ya kawaida inatosha. Yaweke kwenye mfuko usioonyesha, wenye jina lako, sehemu ya ndani ambako ubaridi ni thabiti, siyo mlangoni. Ugomvi ukiendelea, kibegi cha barafu kinakutoa kwenye ugomvi, ingawa si haki kwamba wewe ndiye utakayehama.

20. Nijiandae vipi kabla ya kurudi?

Wiki mbili au tatu kabla, anza kukamua mara moja kwa siku, hasa asubuhi ambapo wengi huwa na maziwa zaidi, upate akiba ya siku mbili au tatu. Hauhitaji friza iliyojaa. Unachokamua leo ndicho mtoto atakachotumia kesho. Mzoeze mtoto kulishwa na mtu mwingine kwa kikombe au chupa, ikiwezekana wewe ukiwa haupo, maana mtoto mwenye kusikia harufu ya mama yake hukataa kila kitu kingine. Ukiweza kuchagua, rudi kazini siku ya katikati ya wiki ili mwisho wa wiki ukukute mapema.

21. Nimerudi kazini na maziwa yamepungua. Nimeshindwa?

Kwanza hakikisha kwamba yamepungua kweli. Kiasi unachokamua si kipimo cha kiasi mtoto anachopata anaponyonya, na mkamuo wa jioni huwa mdogo kuliko wa asubuhi. Kama umekuwa ukiruka zamu za kukamua, zirudishe. Nyonyesha mara nyingi ukiwa nyumbani, ukiwamo usiku, ambapo prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, huwa juu. Kagua pia mashine yako, kwani mpira uliochakaa hupunguza nguvu ya kuvuta.

22. Titi limevimba, ni jekundu na nina homa. Niende kazini?

Mwone mhudumu wa afya, na upumzike. Endelea kunyonyesha hata upande unaouma. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto, na kuacha ghafla huzidisha uvimbe. Mtu mwenye homa ya namna hii anastahili likizo ya ugonjwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

23. Wenzangu wanalalamika kwamba napumzika zaidi yao.

Jibu hili ni la msimamizi, si la mama. Aeleze kwa wote, mara moja, kwamba muda huo ni haki iliyowekwa na kwamba kazi imepangwa kwa kuuzingatia. Halafu ahakikishe kweli imepangwa, kwa sababu mara nyingi chuki huzaliwa pale mwenzake mmoja anapoachiwa kaunta mbili bila mtu kumuuliza.

## Hali zisizo za kawaida

24. Mtoto wangu ni njiti na yuko hospitali, lakini likizo yangu inahesabika.

Baadhi ya sheria huongeza muda wa likizo kwa hali hii. Penye ukimya, omba kwa maandishi ukiambatisha barua ya hospitali, na uulize kama likizo ya ugonjwa au ya mwaka inaweza kuungwa. Maziwa ya mama ni muhimu zaidi kwa njiti, kwa kuwa yanamkinga dhidi ya ugonjwa hatari wa utumbo. Kwa hifadhi ya maziwa fuata maelekezo ya wodi, ambayo ni makali kuliko yale ya swali la 18.

25. Mimba imetoka, au mtoto amefariki. Bado nina likizo?

Sheria nyingi huendelea kutoa likizo pale ujauzito ulipofikia umri fulani au mtoto alipozaliwa na kufariki, na mimba iliyotoka mapema hushughulikiwa kama ugonjwa. Mwili wa mama hautofautishi. Maziwa huweza kuja hata baada ya msiba, na anahitaji kuelekezwa jinsi ya kuyapunguza polepole. Mwajiri aulize jambo moja tu mapema: angependa wenzake waambiwe nini, na nani awaambie. Jina lake liondolewe haraka kwenye orodha za barua za pongezi na vikumbusho vya likizo.

26. Nafanya zamu ya usiku, au kazi yangu ni ya barabarani. Nitakamulia wapi?

Mjamzito au anayenyonyesha hapaswi kulazimishwa kufanya kazi ya usiku kama cheti cha daktari kinaonyesha kwamba haipatani na hali yake. Anayeendelea na zamu hiyo anahitaji chumba kile kile. Ufunguo usiondoke na ofisa wa mchana. Kwa dereva, mlinzi au mpimaji wa nje, mpango hujengwa juu ya vituo: orodha ya maeneo yaliyokubaliwa njiani, pampu ya betri au mkono, kibegi cha barafu, na ratiba inayohesabu nusu saa hizo. Safari ya kikazi ya siku kadhaa iwe ya hiari wakati huu, na akisafiri, kusafirisha maziwa kuwe gharama ya kazi.

27. Ninaishi na VVU. Naweza kunyonyesha, na je, kazini wajue?

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mama anayeishi na VVU, pale ambapo nchi imechagua mwongozo wa kunyonyesha, anyonyeshe walau miezi 12 na anaweza kuendelea hadi 24 au zaidi, akiwa anatumia dawa zake ipasavyo na kufuatiliwa. Nchi nyingine zina miongozo tofauti, kwa hiyo kliniki yako ndiyo ya kusikilizwa. Kazini hakuna anayestahili kujua. Mapumziko ya kukamua hutolewa kwa kunyonyesha, na ya kliniki hutolewa kwa kadi ya miadi.

28. Sinyonyeshi. Je, sina haki yoyote baada ya likizo?

Ulinzi dhidi ya kufukuzwa, haki ya kurudi kwenye nafasi yako na huduma za afya havitegemei unamlishaje mtoto. Sababu zako ni zako, na hakuna msimamizi wala mwenzako anayestahili kuelezwa.

29. Nimerudi lakini nalia kila siku na silali hata mtoto akilala.

Huzuni ya siku za kwanza baada ya kujifungua kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au ikianza miezi kadhaa baadaye, inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, ambayo ni ugonjwa na hutibika. Zipo dawa zinazoweza kutumiwa na anayenyonyesha. Baba naye huweza kuipata. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako: mwambie mtu aliye karibu na mwende kwenye huduma ya dharura siku hiyo hiyo. Msimamizi si tabibu. Kazi yake ni kuruhusu matibabu, kupunguza mzigo kwa muda, na kutunza siri.

30. Mimi ni kibarua, au nafanya kazi za ndani. Haya yananihusu?

Mkataba Namba 183 umeandikwa kwa ajili ya wanawake wote walioajiriwa, wakiwamo wa ajira zisizo za kawaida. Ugumu ni uthibitisho. Asiye na mkataba wa maandishi atunze chochote kinachoonyesha ajira: ujumbe wa simu, miamala ya malipo, daftari la siku alizofanya kazi.

31. Mwajiri amekataa ombi langu. Nianzie wapi?

Rudisha ombi kwa maandishi, lenye jambo mahususi: saa ngapi, wapi, kwa muda gani, na kifungu cha sheria au kanuni kinachohusika. Omba jibu kwa maandishi na utaje tarehe. Mara nyingi ombi lililokataliwa mdomoni hukubaliwa likiwa karatasini, kwa kuwa sasa kuna mtu atakayelazimika kusaini kukataa. Likikwama, nenda kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kisha ofisi ya kazi au chombo cha usuluhishi cha nchi yako, na uulize siku ya kwanza kabisa muda wa mwisho wa kufungua shauri, kwa sababu muda huo mara nyingi ni mfupi na huendelea kuhesabika wakati wewe bado unabembeleza.